Jicho Lenye Ukungu, VVU na Kaswende: Maswali ya Wasomaji wa Kigoma

Barua nyingi tulizopokea safari hii kutoka mkoa wa Kigoma zinahusu macho ya watu wanaoishi na VVU, na ndani ya hizo kaswende imetajwa mara nyingi kuliko tulivyotarajia. Tumezikabidhi kwa daktari wa macho, mtaalamu wa maabara na muuguzi wa CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, wazijibu kwa pamoja. Majina tumeyaondoa, maeneo tumeyabakiza.

Shikamooni. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi. Natumia dawa za kufubaza tangu 2018 na CTC wameniambia virusi havionekani. Kwa wiki tatu sasa jicho la kulia lina ukungu, naona vidoa vyeusi vinaelea kama nzi, na taa za mtumbwini zinanichoma. Nilinunua matone dukani, wekundu ukaisha, ila ukungu umezidi. CTC wamenitoboa kidole wakaniambia nina kaswende. Mimi najua kaswende ni ugonjwa wa sehemu za siri. Imefikaje jichoni?

Marahaba kaka. Imefika kwa njia ya damu. Bakteria wa kaswende huingia kupitia ngozi laini ya sehemu za siri, mdomo au njia ya haja kubwa, na hawakai pale walipoingilia. Hata kabla kidonda cha kwanza hakijatokea, wengine wameshaingia kwenye damu na kusambaa mwilini, ubongo na macho yakiwemo. Kidonda chenyewe hakiumi na hupona bila dawa ndani ya wiki 3 hadi 6, kwa hiyo mtu anaweza kukipata na asikione kabisa, hasa kikiwa mahali pa kujificha. Jicho linaweza kushambuliwa katika hatua yoyote ya ugonjwa, iwe miezi michache baada ya maambukizi au miaka mingi baadaye.

Ndani ya jicho, mahali panapoumia zaidi ni tabaka lenye mishipa mingi ya damu lililo kati ya ukuta mweupe wa nje na retina, yaani utando wa nyuma unaopokea picha. Uvimbe ukiwa mbele, jicho huwa jekundu na mwanga huliumiza. Ukiwa nyuma, seli za uvimbe humwagika katika ute uliojaza jicho, na kivuli chake ndicho unachokiona kama nzi wanaoelea. Retina ikiguswa, au mshipa wa fahamu unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo, uoni hushuka, na hapo mara nyingi hakuna wekundu wala maumivu. Wewe dalili zako zinaonyesha mbele na nyuma kote kumeguswa.

Kuhusu virusi kutoonekana, hongera, na usiache dawa. Lakini dawa za kufubaza hazigusi bakteria. Virusi visipoonekana kwenye kipimo humwambukizi mwenza wako VVU kwa ngono. Kaswende inapita kama kawaida pale ambapo kondomu haikutumika. Jambo lingine ambalo hata watoa huduma wengine hulisahau ni hili: yapo magonjwa ya macho yanayosubiri kinga ianguke. Virusi vya CMV, kwa mfano, hushambulia retina hasa CD4, yaani hesabu ya seli za kinga, ikishuka chini ya 50. Kaswende haisubiri hivyo. Mtu mwenye CD4 700 anapofuka kwa kaswende vilevile.

Sasa matone. Matone mengi yanayouzwa kwa ajili ya "macho mekundu" yana steroidi, mara nyingi deksamethasoni iliyochanganywa na jentamaisini. Steroidi huzima uvimbe wa mbele, wekundu unaondoka, na mgonjwa anaamini amepona. Bakteria hawajaguswa, na kinga ya jicho iliyokuwa inawazuia imelegezwa. Ndiyo maana ukungu wako umezidi huku jicho likionekana zuri. Yaache leo, beba chupa yake uende nayo kliniki ya macho, hospitali ya Maweni, kesho asubuhi. Waambie maneno haya: ninaishi na VVU, kipimo cha kaswende ni chanya, jicho lina ukungu wiki tatu. Wakikupangia tarehe ya mwezi ujao, usiikubali kimyakimya. Hii ni ya kuhudumiwa siku hiyohiyo.

Rafiki yangu alipata kaswende, akachomwa sindano za makalio siku moja, basi. Mimi nina kaswende ya macho na naambiwa nilazwe siku 14 nikichomwa kila baada ya saa nne. Kwa nini? Na je, naweza kusubiri mbalamwezi, wakati ambao hatuingii ziwani? — Katonga

Usisubiri mbalamwezi. Uoni unaopotea ndani ya wiki mbili za kungoja hakuna sindano inayoahidi kuurudisha.

Rafiki yako alichomwa benzathini penisilini, yuniti milioni 2.4, kwa kawaida milioni 1.2 kila kalio. Ni dawa nzito inayokaa kwenye msuli na kuachia penisilini kidogokidogo kwa wiki mbili hadi tatu. Kwa kaswende ya mwanzo isiyogusa macho, masikio wala ubongo, hiyo inatosha. Kwa kaswende iliyokaa zaidi ya mwaka mmoja, au isiyojulikana ilianza lini, hurudiwa kila wiki kwa wiki tatu. Lakini kiasi kinachoachiwa kwenye damu ni kidogo, na jicho, kama ubongo, lina kizuizi kati yake na damu. Kinachovuka hakifiki kiwango cha kuua bakteria. Kwa hiyo kaswende ya macho hutibiwa kama kaswende ya ubongo, hata kama kichwa hakiumi.

Dawa yake ni penisilini ya kristali, ile ambayo wodini wengi huiita X-pen, kupitia mshipa: yuniti milioni 3 hadi 4 kila baada ya saa 4, jumla milioni 18 hadi 24 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Siku 14 ni dozi 84. Sababu ya kurudiarudia ni kwamba penisilini hii hutolewa na figo haraka sana. Baada ya saa chache haimo tena. Na bakteria wa kaswende ni mvivu wa kuzaliana, hujigawa takriban mara moja katika saa 30 hivi, wakati penisilini humuua akiwa katika kujigawa. Dawa isipokuwepo muda wote kwa siku nyingi mfululizo, wapo watakaojigawa wakati haimo.

Ukianza saa 12 asubuhi, zinazofuata ni saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku na saa 8 usiku. Hiyo ya saa 8 usiku ndiyo inayoponyoka wodini. Ndugu anayekuuguza aweke kengele ya simu na amkumbushe nesi kwa upole. Si ugomvi, ni sehemu ya tiba. Kanyula, ile bomba ndogo iliyo kwenye mshipa, nayo ikianza kuuma, au mshipa ukawa mwekundu na mgumu, sema ibadilishwe, maana dawa inayovuja nje ya mshipa haihesabiki. Kabla ya kuanza, figo zipimwe, hasa kwa mtu anayemeza tenofovir, mojawapo ya dawa za kufubaza, kama wengi wenu, kwa sababu figo dhaifu hubadilisha kiwango cha dawa.

Siku ya kwanza unaweza kupata homa, baridi, kichwa na maumivu ya mwili saa chache baada ya dozi ya kwanza. Bakteria wanakufa kwa wingi na mwili unalalamika. Huisha ndani ya saa 24 na si mzio. Panado inatosha. Ila jicho likizidi ukungu katika saa hizo, daktari aambiwe mara moja, kwa sababu uvimbe wa muda ndani ya jicho unaweza kuhitaji steroidi, na hapo ndipo steroidi ina nafasi: chini ya ulinzi wa penisilini, kwa macho ya daktari. Mara nyingi utapewa pia matone ya kutanua mboni, kama atropini. Yanafanya uone vibaya kwa karibu na mwanga ukuumize zaidi, lakini yanazuia mboni isigandane na lenzi iliyo nyuma yake. Mboni iliyogandana huziba njia ya maji ya jicho na kuleta presha ya macho.

Kulazwa kukishindikana kabisa, zipo njia mbili ambazo daktari anaweza kuzizingatia. Ya kwanza ni seftriaksoni gramu 1 hadi 2 mara moja kwa siku, siku 10 hadi 14, kwenye mshipa au msuli. Hii inaweza kutolewa hata kituo cha afya kilicho karibu na mwalo wako, ilimradi upelekwe na barua na uhudhurie kila siku bila kuruka. Ikichomwa kwenye msuli huuma, kwa hiyo huchanganywa na lignokeini, dawa ya ganzi. Mchanganyiko huo usiingizwe kwenye mshipa kamwe. Ya pili ni PPF, yaani sindano ya penisilini ya prokaini, yuniti milioni 2.4 kwa siku pamoja na vidonge vya probenesidi miligramu 500 mara nne kwa siku. Bila probenesidi, inayozuia figo zisiitoe penisilini haraka, PPF peke yake haitoshi kwa jicho. Usikubali nusu ya mpango.

Nitajuaje kwamba haya ni macho mekundu ya kawaida? Hapa Ujiji yakivuma yanapita nyumba nzima.

Dada, mwanzoni mwa 2024 yalipovuma nchini, wengi walijifunza kuyazoea, na kuyazoea huko ndiko kunakotutia wasiwasi. Macho mekundu ya virusi huanza jicho moja yakahamia la pili ndani ya siku chache, yanawasha, yana hisia ya mchanga, yanatoa machozi na matongotongo, na ukishayapangusa unaona vizuri. Mwingine nyumbani pia anayo.

Jicho lenye uvimbe wa ndani halitoi matongotongo. Wekundu wake umejipanga kuzunguka ile sehemu nyeusi, si kwenye kope. Mwanga unauma ndani kwa ndani. Mboni inaweza kuwa ndogo kuliko ya pili au isiwe duara. Lakini kipimo cha nyumbani kinachoshinda vyote ni hiki: funika jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, soma maandishi ya kalenda ukutani, kisha ubadilishe. Macho mawili yakifanya kazi pamoja, zuri humficha mgonjwa, na watu hugundua kwa bahati wakati wa kufikicha. Uoni ukitofautiana, au ukiona vidoa vipya, mwako wa mwanga, au pazia upande mmoja, matone ya dukani si mahali pake.

Na ukiona malengelenge upande mmoja wa paji la uso, hasa yakifika ncha ya pua, huo ni mkanda wa jeshi na jicho liko hatarini kwa sababu nyingine kabisa. Nako ni kwenda siku hiyohiyo.

(Kuna msomaji wa Mwanga aliyeuliza kama mawese yatasaidia. Mawese mekundu yana karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na ni chakula kizuri kwa macho ya mtoto aliyepungukiwa nayo. Kwa kaswende hayafanyi kitu. Na maziwa ya mama, mkojo au maji ya majani yasitiwe jichoni.)

Mimi ni mwalimu, Kasulu. Nilitibiwa kaswende ya macho mwaka jana. RPR ilikuwa 1:128, miezi sita baadaye 1:32, sasa 1:8. Lakini kipimo cha kidole bado kinasema chanya. Nimepona au sijapona?

Mwalimu, namba zako ni nzuri, na kipimo cha kidole kinasema ukweli mwingine.

Kile cha kidole hutafuta kingamwili ambazo mwili ulizitengeneza dhidi ya bakteria mwenyewe. Kwa watu wengi hizo hubaki maisha yote, hata baada ya kupona kabisa. Kwa hiyo kinajibu swali "umewahi?", hakijibu "unao sasa?". Kukirudia kila mwezi ni kujitafutia presha bure, na mtu anayekuchoma tena na tena kwa sababu ya kipimo hicho pekee anakosea.

RPR, na VDRL ambayo ni ndugu yake, hupima nguvu ya ugonjwa. Fundi wa maabara huchukua seramu yako na kuizimua nusu kwa nusu: 1:2, 1:4, 1:8, 1:16, kuendelea, hadi pale isipogandisha tena kemikali ya kipimo. Namba ya mwisho iliyogandisha ndiyo jibu. Mabadiliko ya hatua moja, tuseme 1:16 kwenda 1:8, hayana maana. Ni tofauti ya kawaida ya mkono na siku. Hatua mbili ndizo zinazohesabiwa. Wewe kutoka 1:128 hadi 1:32 ni hatua mbili, hadi 1:8 ni nne. Kwa mtu mwenye VVU tunatarajia kushuka kwa hatua mbili ndani ya miezi 12 hadi 24. Pima miezi 3, 6, 9, 12 na 24 baada ya tiba, na utaona tarehe hizo zinaweza kuangukia siku zako za CTC. Pima maabara ileile na kwa kipimo kilekile, maana 1:16 ya RPR hailinganishwi na 1:16 ya VDRL.

Baadhi ya watu hukwama namba ya chini, 1:2 au 1:4, kwa miaka. Hilo si kushindwa kwa tiba kama macho yametulia. Kinachotakiwa kukushtua ni kupanda hatua mbili, tuseme 1:8 kurudi 1:32. Hapo ama umeambukizwa upya, kwa kuwa kaswende haiachi kinga, ama dawa haikufika.

Neno moja kwa wenzetu wa maabara wanaosoma ukurasa huu. Mgonjwa mwenye VVU na dalili za macho, kipimo cha kidole chanya, halafu RPR ikatoka hasi: izimueni seramu mrudie kabla ya kuandika jibu. Kingamwili zikiwa nyingi mno hujaza pande zote na mgando haujengeki, na seramu isiyozimuliwa hudanganya. Na hata ikibaki hasi baada ya kuzimuliwa, kaswende ya zamani inaweza kuwa na RPR hasi na jicho likawa linaungua. Jicho lisinyimwe dawa kwa sababu hiyo.

Wanataka kunitoa maji ya mgongo. Nimesikia watu hupooza.

Sindano hiyo huchomwa chini ya mahali uti wa mgongo unapoishia, penye nyuzi zinazoelea tu. Kupooza si jambo la kutarajia. Kinachosumbua ni kichwa kuuma siku moja mbili, kikizidi ukisimama.

Lakini swali lako lina upande mwingine. Kama tatizo ni la jicho peke yake, daktari wa macho ameuona uvimbe, na kipimo cha kaswende ni chanya, tiba inaweza kuanza bila maji ya mgongo, kwa kuwa dawa ni ileile na maji hayo mara nyingi hutoka safi ilhali jicho linaumwa. Majibu safi hayafuti ugonjwa wa jicho. Maji yanakuwa ya lazima ukiwa na kichwa kikali, kuchanganyikiwa, shingo ngumu, kuona vitu viwiliviwili, uso kupinda, au udhaifu wa kiungo. Na kama CD4 yako iko chini ya 200 na kichwa kinauma, usiyakatae, kwa sababu wanatafuta pia fangasi wa kriptokoka na kifua kikuu cha ubongo, ambavyo huua haraka kuliko kaswende.

Mimi ni muuguzi wa zahanati moja wilaya ya Uvinza. Hatuna daktari wa macho wala kifaa cha kuangalia ndani ya jicho. Nifanye nini kabla ya kumpa mgonjwa rufaa?

Unaweza kufanya mengi kwa tochi na karatasi. Pima uoni wa kila jicho peke yake, kwa chati ya E umbali wa mita 6, na uandike namba: 6/12, 6/60. Asiyeona herufi kubwa ahesabu vidole, asiyehesabu aseme kama mkono unasogea, wa mwisho aseme kama anaona mwanga. Namba hiyo ya siku ya kwanza ndiyo itakayoonyesha kama tiba inafanya kazi. Ukiandika "haoni vizuri" tu, umemnyima daktari kitu.

Kisha angalia mboni chumbani penye giza kidogo: umbo, ukubwa, na kama zote zinasinyaa kwa tochi. Vua viatu vya mgonjwa. Vipele visivyowasha viganjani na kwenye nyayo, mabaka mdomoni, nywele zilizonyonyoka kwa viraka, vyote hivyo ni kaswende inajitangaza. Muulize masikio: kengele, kizunguzungu, usikivu kushuka ghafla. Sikio hushambuliwa kwa njia ileile, hutibiwa kwa dawa ileile, na usikivu ukiondoka haurudi kirahisi.

Muulize pia kama anatumia dawa za TB. Ethambutoli, mojawapo ya dawa hizo, huweza kuumiza mshipa wa fahamu wa jicho: macho yote mawili, bila wekundu wala maumivu, na rangi nyekundu na kijani zinafifia. Huyo wasiliana na kliniki ya TB siku hiyohiyo, kabla hajameza dozi ya kesho.

Fanya kipimo cha haraka cha kaswende papo hapo. Kikiwa chanya na una uwezo wa kuchukua damu ya RPR, ichukue kabla ya dawa yoyote, kwa kuwa namba ya kulinganisha ni ile ya siku tiba inapoanza. Usitoe matone ya steroidi. Kuhusu benzathini: haimdhuru, lakini tumeona ubaya wake ni kumfanya mgonjwa aamini ametibiwa akarudi shambani. Kama usafiri upo leo au kesho, mwache afike bila hiyo.

Barua ya rufaa iwe na tarehe dalili zilipoanza, uoni wa kila jicho, aina ya ARV, wingi wa virusi na CD4 ya mwisho, mzio wa penisilini kama upo, na matone aliyokwisha tumia. Walio kwenye dawa za mstari wa pili zenye ritonavir uandike kwa herufi kubwa: dawa hiyo huifanya steroidi irundikane mwilini, na sindano ya triamsinoloni, ambayo ni steroidi, kuzunguka jicho inaweza kumvimbisha uso na kuvuruga homoni kwa wiki nyingi.

Mume wangu amelazwa kwa kaswende ya macho. Mimi sina kidonda, nimepimwa sina kitu. Wananiambia nichomwe sindano. Naona kama nahukumiwa. — Mke, Kasulu

Mama, hakuna hukumu hapo. Kaswende huchukua siku 10 hadi 90 tangu kuambukizwa hadi kidonda, kwa kawaida kama wiki 3, na kipimo huchelewa zaidi kugeuka. Kama mmekutana ndani ya siku 90 zilizopita, kipimo hasi hakikuhakikishii, kwa hiyo unapewa benzathini milioni 2.4 mara moja ili ugonjwa uzimwe kabla haujaota. Pima na VVU pia. Ukiwa huna, ipo dawa ya kujikinga, ulizia CTC. Msikutane hadi wote mmemaliza dawa na siku 7 zimepita.

Swali ambalo hukuliandika lakini tunalisoma katikati ya mistari: nani alianza? Maabara haiwezi kusema. Ugonjwa huu hukaa kimya miaka, na anayeugua wa kwanza si lazima awe aliyeuleta. Na taulo, bakuli au machozi yake havikuambukizi.

Nina mimba ya miezi mitano, nina VVU, kipimo cha kliniki kimeonyesha kaswende. Macho yangu ni mazima. Mtoto wangu atazaliwa kipofu? — Buhigwe

Dada, ukitibiwa sasa una nafasi kubwa sana ya kumwokoa. Kaswende huvuka kondo la nyuma na inaweza kumuua mtoto tumboni, au kuacha makovu kwenye retina yake. Nyingine hujificha hadi umri wa miaka 5 hadi 20, ndipo kioo cha mbele cha jicho kinapovimba na kuwa cheupe. Dawa inayomlinda ni penisilini pekee. Doksi haifai kwa mjamzito, na azithromaisini haimfikii mtoto kwa kiwango cha kutegemewa. Tiba iwe imeanza angalau siku 30 kabla ya kujifungua. Kwa kuwa kwa kawaida haijulikani ulianza lini, huenda ukapangiwa sindano za wiki tatu mfululizo, na wiki isirukwe. Baada ya sindano ya kwanza, ukisikia uchungu au mtoto akapunguza kucheza, rudi kliniki. Mtoto akizaliwa achunguzwe na apimwe RPR yake pamoja na yako.

Nina mzio wa penisilini.

Nani alisema, na nini kilitokea? Kuharisha au kichefuchefu si mzio. Uvimbe wa midomo, kubanwa kifua au malengelenge mwili mzima ndiyo mzio, na hapo daktari ataamua kati ya seftriaksoni chini ya uangalizi na kukuzoesha penisilini hospitalini kwa dozi ndogondogo zinazopanda ndani ya saa chache. Ukiwa mjamzito, kuzoeshwa ndiyo njia. Doksi ya vidonge si mbadala wa kuaminika kwa jicho.

Uoni utarudi? Na ARV niendelee nazo nikiwa nachomwa? — Kibondo

ARV usiziache hata dozi moja. Penisilini na seftriaksoni hazigombani nazo. Zinazogombana na dolutegravir, mojawapo ya ARV, ni vidonge vya tindikali ya tumbo, madini ya chuma na kalsiamu, ambavyo wodini hutolewa bila kuulizwa. Meza dolutegravir saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake.

Uoni hutegemea kilichoumia na muda uliopita. Uvimbe wa mbele na ute wenye seli husafika vizuri, na wengi huanza kuona nafuu ndani ya wiki ya kwanza au ya pili. Mshipa wa fahamu uliokufa au retina iliyokauka haioti upya. Vidoa vinavyoelea vinaweza kubaki miezi hata baada ya bakteria kuisha. Miwani usinunue sasa. Namba ya macho itabadilika, subiri uvimbe uishe kabisa ndipo upimwe. Rudi kliniki ya macho baada ya sindano ya mwisho hata kama unaona vizuri, kwa sababu presha ya macho na mtoto wa jicho huweza kufuata nyuma, na presha ya macho haiumi.